Taja Jina, Nikupe Mkasi

Juzi binti yangu alikuwa anakata vitunguu, akaniomba kisu kingine. Nikakipiga kiganjani mwake, mpini mbele, kwa nguvu ya kutosha kumwezesha akishike bila kutazama. Akaruka. "Mama! Hapa haiko bloc!" Ndipo nikafahamu kwamba mimi nimestaafu, lakini mikono yangu haijaarifiwa.

Ninyi wenzangu wa chumba cha upasuaji, ambacho sisi tunakiita bloc, mliniaga, mimi Mama Feza wenu, kwa kuku na wimbo ambao nusu yenu hamkuujua. Halafu mkaniomba niwaandikie jinsi tulivyotoa vifuko vya nyongo hapa Kisangani kabla ya hii mashine yenu ya televisheni na vitundu vinne. Naandika basi. Vyeo na mishahara sitavigusa: cheo kilichelewa, na mshahara ulichelewa kuliko cheo. Nitawaeleza habari za watu walionifundisha, maana nikiwakumbuka moyo wangu unajaa, na kwa umri wangu si vizuri kutembea na moyo uliojaa bila kuumimina mahali.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Papa Lokwa, mkuu wa wauguzi wa bloc, mtu wa Opala, mwembamba, aliyevaa kofia ya upasuaji hata akila. Hakunisalimu. Aliweka vyombo juu ya meza, akavifunika kwa kitambaa, akaniamuru niingize mkono chini yake.

"Hii njo nini?"

"Mukasi, papa."

"Mukasi ya nini?"

Sikujua. Kwangu mkasi ulikuwa mkasi. Akaufunua: ulikuwa umepinda kidogo kwenye ncha.

"Hii iko ya nyama. Ile yenye kunyooka iko ya uzi. Ukimupa docteur ya uzi akate nayo nyama, mugonjwa atalia. Ukimupa ya nyama akate nayo uzi, miye njo nitalia, juu hakuna ingine."

Hakika hakukuwa na mwingine. Mkasi wa nyama ulikuwa mmoja, na Papa Lokwa aliufunga kwenye sanduku pamoja na sabuni nzuri. Chombo cha kuchemshia kwa mvuke kilipogoma, tulichemsha vyombo kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, na ole wake atakayepika chai kwenye sufuria hiyo. Kwa muda mrefu nilipapasa vyombo chini ya kitambaa kila asubuhi, hadi nikavijua kama mama anavyojua kikohozi cha mtoto wake. Nilimchukia Papa Lokwa mwanzoni. Baadaye nilimlilia alipofariki kuliko nilivyowalilia baadhi ya wajomba zangu.

Daktari wetu mkuu alikuwa Dokta Bolamba. Mnene, mwenye sauti ya chini, abacost yake, ile suti isiyo na tai ya enzi za Chama kimoja, haina kunyanzi hata Jumamosi ya salongo, wakati raia wote tulitakiwa kushika jembe na fagio kwa ajili ya nchi. Yeye alikuja na jembe lake, akapiga majani mawili mbele ya mjumbe wa Chama, kisha akasema ana mgonjwa. Kila Jumamosi alikuwa na mgonjwa. Tulimpenda kwa hilo, maana mgonjwa mmoja alihitaji wauguzi watano.

Dokta Bolamba alitoa kifuko cha nyongo kwa mkato mrefu chini ya mbavu za kulia, mrefu kiasi cha mkono wake wote kuingia, na mkono wake haukuwa mdogo. Mnajua wagonjwa hawa, hawajabadilika: mama anakula pondu, yaani kisamvu, yenye mafuta mengi ya mawese, jioni ubavu unamshika, maumivu yanapanda hadi begani, anasema amerogwa na jirani. Ni mawe. Dokta alianza kwenye kitako cha kifuko, akakibandua taratibu kutoka kwenye ini hadi kikaning'inia kwa nyuzi mbili tu: mshipa wa damu, na mfereji mwembamba unaokiunganisha na mfereji mkubwa wa nyongo. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipokuwa. Ukifunga na kukata mfereji mwembamba, mgonjwa anakwenda nyumbani. Ukikata ule mkubwa, anageuka njano, na mara nyingi harudi nyumbani tena. Katika ujana wake, mahali ambapo hakupataja kamwe, Dokta Bolamba aliona kosa hilo likifanyika.

Kwa hiyo alikuwa na sheria. Kabla ya kubana au kukata chochote huko ndani, daktari anataja kwa sauti jina la alichokishika. Muuguzi wa vyombo anatazama, naye akikiona anarudia jina, ndipo anampa pensi, yaani kibanio, au mkasi. Jina lisipotajwa, hakuna kutoa. Madaktari wageni walituona kama watoto wa shule ya msingi wanaoimba alfabeti. Dokta Bolamba hakujali. "Taja jina, akupe mukasi," aliwaambia. "Hutaji, unabaki na mukono wazi kama mutu anangojea mvua."

Miaka ya mwisho ya Chama kimoja akarudi kutoka Ubelgiji Dokta Muhindo, kijana wa Butembo, mwana wa wafanyabiashara. Mwembamba, mwepesi, mwenye vidole virefu, na Kiswahili chake cha Kivu kikiwa kimejaa Kifaransa kama mchele wenye mawe. Aliniambia kwamba huko Ulaya wapo walioanza kutoa kifuko kwa kutumia bomba na televisheni. Nilidhani ananitania.

"Siye hatuna televisheni," alisema. "Bon. Lakini mukato mudogo, tunaweza."

Vifaa vyake vilikuwa kichekesho. Katika wadi ya wanawake kulikuwa na bomba la kuchungulia tumbo lililotolewa msaada kwa ajili ya uzazi, akaliazima. Alijaza hewa tumboni kwa pampu ya mkono, akapitisha bomba karibu na kitovu, akafumba jicho moja na kuchungulia kwa jingine kama mtu anayemtazama mwenye nyumba kwenye tundu la ufunguo. Akishaona kifuko kilipolala, alitoa bomba na kukata mkato mfupi juu yake kabisa, usiotosha kuingiza kiganja. Valvu zetu, yaani vyuma vya kupanulia kidonda, zilikuwa pana mno. Akaenda ng'ambo ya mto kwa fundi wa karakana ya reli, akatengenezewa nyembamba kutoka mipini ya miko ya supu. Taa aliifunga kichwani: taa ya pikipiki, betri kiunoni. Papa Lokwa alipomwona hivyo mara ya kwanza aliuliza kama anakwenda kuwinda mapanya.

Yeye hakuanza kwenye kitako kama Mzee Bolamba. Alianza shingoni: anafunga mshipa na mfereji kwanza, halafu anabandua kifuko kikiwa hakina damu tena. Kifuko kikiwa kimetulia, nawaambia kwa haki, ilikuwa kazi nzuri kuitazama. Damu kidogo, uzi kidogo, na mgonjwa anakaa kitandani akiomba chakula wakati yule wa mkato mrefu bado anaogopa kukohoa.

Nimesema kuitazama. Kusema kweli sikutazama kitu. Mkato ulikuwa mdogo, kichwa cha Dokta Muhindo chenye taa kilikuwa juu yake, na aliyeona ni yeye peke yake. Alitaja jina kama sheria ilivyotaka, nami badala ya kurudia jina nilijibu "Nimesikia", kwa sababu kuona sikuona. Dokta Bolamba hakuipenda "Nimesikia" hiyo hata kidogo.

"Kijana, mi sikatae dirisha ndogo," alisema siku moja tukinawa mikono. "Nakataa kutunga sindano gizani."

"Mzee, giza iko kwa Mama Feza. Kwangu iko mwangaza."

"Alors, mugonjwa akiuliza, tutamwambia mwangaza ilikuwa kwako?"

Mafahali wawili hawakai zizi moja, husema watu. Hawa walikaa, lakini mimi niliyesimama katikati na sinia la vyombo nilizisikia pembe.

Jambo lingine hamtaliamini. Watu wenyewe hawakuutaka mkato mdogo. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwalimu kutoka Yahuma. Alipona upesi, akatoka akitembea wima, na keshokutwa yake ukoo ukamrudisha ukiwa umekasirika. Mnajua desturi: ndugu husubiri mlangoni, na daktari huwatolea mawe kwenye kisahani wayaone. Walikuwa wameyaona. Lakini baba yake mdogo alipokiona kidonda nyumbani alisema hapana, hapa hapajafanyika kitu, mmemkwangua ngozi, na yale mawe mmeyaokota mtoni Tshopo. Walitaka operesheni ya kweli, ile ambayo jirani akiiona anashika kichwa. Dokta Bolamba alicheka hadi akakaa chini. Dokta Muhindo hakucheka.

Ndipo akaja Mama Sakina.

Alikuwa mjane, mfanyabiashara wa samaki wa kukaushwa. Alipanda treni hadi Ubundu, akanunua, akarudi na vikapu, akavitoa kituoni ng'ambo, akavivusha mto na kuvipandisha sokoni kichwani mwake. Maumivu yalikuwa yamemshika mara nyingi, na safari hii alikuja na homa. Aliulizia "yule docteur ya kadogo". Nikamuuliza kwa nini, wakati wenzake wote wanataka kikubwa.

"Mama Feza, nikikatwa sana, nitabeba tena lini?" alisema. "Tonton Amisi, kaka ya bwana yangu, anangojea tu nianguke. Alisema mbele ya batu: mwanamuke hawezi kulisha batoto na moshi ya samaki. Nikilala miezi, atachukua batoto yangu. Bote."

Huyo Tonton Amisi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kanzu safi, tasbihi mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba watoto wa kaka yake wamepotea njia kwa kulelewa sokoni, na mtu mwenye imani ya namna hiyo ni mgumu kuliko mtu mbaya. Dokta Muhindo alimsikiliza Mama Sakina hadi mwisho. Akamwambia, "Nitajaribu kadogo." Mimi nilisikia neno nitajaribu. Mama Sakina alisikia neno kadogo.

Tulimpasua asubuhi, jua likiingia kwa dirisha la mashariki, picha ya Rais ikitutazama ukutani. Kwenye bomba Dokta aliona kwamba kifuko kimevimba na kushikamana na jirani zake wote. Akakata mkato mfupi. Akafanya kazi. Jasho lilimteremka chini ya ile taa, nikawa nampangusa. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu. Pensi ya kubana.

Nikaishika. Nikangoja jina.

Halikuja. Mkono wake ulibaki wazi, nami sikutoa. Sikuwa na ujasiri wowote, ndivyo vidole vyangu vilivyofundishwa. Mtu wa dawa ya usingizi akainua kichwa. Dokta aliendelea kutazama ndani ya kile kitundu, na nikajua anamwona Mama Sakina na vikapu vyake na watoto wake, kwa sababu hata mimi niliwaona. Kubana na kukata ilikuwa kazi ya dakika chache, na ahadi ingetimia.

Polepole akakunja kiganja.

"Sijue," alisema. "Mama Feza, hii kitu nimeshika, sijue iko nini."

Sijawahi kusikia daktari akisema neno hilo kwa sauti, akiwa amevaa glavu. Wengi hulisema moyoni, na mgonjwa ndiye anayelipa.

"Unipe kisu. Na mumwite Mzee."

Akaurefusha mkato chini ya mbavu, mrefu, mkato wa Bolamba mwenyewe. Mzee aliingia mikono imeinuliwa, maji yakimtiririka viwikoni. Sote tulidhani atasimama upande wa kulia, mahali pa mkuu, na kijana atasogea. Hakufanya hivyo. Alizunguka meza, akasimama upande wa msaidizi, akachukua valvu pana, yeye ambaye sikuwahi kumwona akimshikia mtu valvu.

"Alors," akamuuliza kijana, "nivute wapi?"

Hata sasa nikiandika macho yananilowa, na sioni haya kusema.

Dokta Muhindo akaacha shingo, akaanza kwenye kitako, kama Mzee alivyozoea, akibandua taratibu. Kazi ilikuwa ndefu. Kifuko kilipobanduka hadi mwisho, sote watatu tukaweza kuona alichokuwa amekishika mwanzoni. Alikitaja mwenyewe, kwa sauti ndogo.

"Mufereji mukubwa."

Mzee alivuta valvu kidogo zaidi. Kisha kijana akaugusa ule mwembamba.

"Mufereji ya kifuko."

"Naona," akasema Mzee.

"Mufereji ya kifuko," nikasema mimi, na safari hii kwa macho yangu. Nikampa.

Mama Sakina alipozinduka aliupeleka mkono ubavuni, akapima bandeji kutoka huku hadi huku, akaugeuza uso ukutani. Dokta Muhindo hakunituma mimi. Alivuta kiti, akakaa.

"Mama, nilisema kadogo. Nimekata kakubwa. Kule ndani sikuona muzuri, na kama ningekata bila kuona, batoto bangebaki bila mama kabisa."

Mama Sakina akavuta shuka hadi begani.

Sasa sikilizeni maajabu. Tonton Amisi aliingia kumtazama shemeji yake wakati ninabadilisha bandeji, akaiona kazi yote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Eh! Hii njo operation!"

Akatoka akawaita ndugu. Akasimulia kwenye benchi, akasimulia msikitini, kila mara mkato ukirefuka, hadi mtu angeweza kudhani mama wa watu amepasuliwa vipande viwili akaunganishwa. Alijivuna nao kuliko aliyeukata. Dokta Bolamba aliyasikia, akamngoja mlangoni, abacost imenyooka.

"Citoyen, umeona vile mama aliumia?"

"Nimeona, docteur! Vraiment!"

"Bon. Mutu mwenye kuumia vile anaweza kubeba kikapu?"

"Haiwezekane kabisa!"

"Donc, mpaka apone, nani atabeba? Nauliza tu. Juu weye njo mukubwa wa jamaa."

Amisi alitazama huku na huku. Ndugu wote walikuwa wanamtazama yeye. Alishasema mbele yao kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kupasuliwa namna ile; angesema nini tena? Wiki iliyofuata alipanda treni ya Ubundu, kanzu ameiacha nyumbani. Alinunua samaki waliooza upande mmoja, akaangusha kikapu kwenye mtumbwi, akapanda nacho sokoni akihema, na akina mama wa samaki wakamfundisha kazi kwa kicheko. Aliendelea hadi Mama Sakina aliporuhusiwa kubeba. Na tangu hapo hakurudia ile habari ya moshi wa samaki, wala ya kuchukua watoto. Fikirini wenyewe: lile kovu dogo alilolililia Mama Sakina lingempa mapumziko mafupi, na hakuna mtu katika ukoo ule ambaye angeamini kwamba aliugua.

Mama Sakina alikuja kutuaga soko likiwa limechangamka, kikapu kichwani. Kwa Mzee alitoa samaki mkubwa. Kwa Dokta Muhindo alitoa mkubwa zaidi.

"Ule ya Mzee iko ya kuvuta valvu, vile muliniambia," alisema. "Hii iko ya kuniambia kweli."

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Dokta Muhindo aliendelea na mkato mdogo miaka mingi, akawafundisha wengi, na kila aliporefusha mkato hakuona aibu tena. Alichobadilisha ni kimoja. Alinitengenezea kigoda, akaniambia nisimame juu yake ili nichungulie begani mwake kabla ya kila pensi. Kigoda hicho mmekikuta, mnawekea ndoo. Kioshwe.

Mkiniuliza basi njia ipi ni bora, nitawajibu kama aliyesimama kwenye zote. Mkato mrefu unaumiza, lakini kila mtu anaona. Mkato mdogo unampa mgonjwa usingizi mtamu, lakini unamwacha daktari peke yake na macho yake. Kuanzia kitako ni kazi ya mwenye subira, na mahali palipovimba ndiko kunakookoa. Kuanzia shingo kunafaa pale unapojua unachokitazama. Na hii televisheni yenu, ambayo niliiogopa kama mgeni aliyekuja na mizigo mingi, imenifurahisha kwa jambo moja: mkato umekuwa mdogo kuliko wa Muhindo, na bado chumba kizima kinaona, kama enzi za Bolamba. Wazee wangu wote wawili wangeridhika, na wasingekiri.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa kifuko cha nyongo. Daktari alikuwa mmoja wenu, msichana aliyefundishwa na mwanafunzi wa Muhindo, ambaye Mzee Bolamba hakumwona hata kwa picha. Nilisimama na sinia, nikitazama kioo cha televisheni, nikijiambia kwamba sasa wana vibanio vya chuma na mwangaza wa kutosha, hawana tena haja na bibi wa kuitikia. Akafika penyewe. Akanyoosha mkono. Nikaona hanitazami mimi wala hauvuti mkono; ametulia tu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba chumba kizima kinaningoja niwe tayari kuitikia, ndipo ataje jina.

"Mufereji ya kifuko," akasema.

Nikatazama. Nikauona, mwembamba, mweupe, peke yake.

"Mufereji ya kifuko," nikasema, nikampa.